Hewa Katika Nyumba ya Kupaka Rangi Motokari

Wewe unayepaka rangi motokari, sikiliza vizuri. Rangi nyingi za siku hizi huchanganywa na dawa ya kukazisha iliyo na isosianati. Ukungu wake ukiingia katika mapafu huweza kuleta pumu. Mtu akiisha kushikwa na pumu hiyo, hata dawa kidogo sana humkaba pumzi, na wengine wamepashwa kuacha kazi yao kabisa. Wala pua haitakuonya: dawa hudhuru kabla harufu yake haijasikika.

Kwa sababu hii nyumba ya kupaka rangi ina feni kubwa ya kuondoa ukungu ule. Lakini usiamini sauti yake. Feni huweza kunguruma na hewa isisogee, kwa maana machujio yameziba. Inafaa kupima.

Chombo cha kupimia ni anemometa, chenye mapanga madogo yanayozungushwa na hewa. Pima nyumba ikiwa tupu, milango imefungwa, feni inazunguka. Usipime mahali pamoja tu, kwani hewa yaweza kuwa na nguvu katikati na kulegea pembeni. Gawanya eneo inapopita hewa kwa miraba iliyo sawa, pima kila mraba, jumlisha, kisha gawanya kwa hesabu ya miraba. Hewa ikipita toka ukuta mmoja hata wa pili, kipimo cha kawaida ni karibu meta 0.5 kwa sekunde. Ikishuka toka juu, fuata kitabu cha mashini yako.

Kipimo kikipungua, usifungue mlango kusaidia hewa. Utaingiza vumbi na kuharibu mwendo wake. Tazama machujio kwanza. Kisha zima umeme, uangalie kama mkanda wa feni umelegea. Mwisho, rekebisha kilango cha bomba la hewa. Baada ya kila badiliko pima tena. Hewa ikizidi, nayo ni mbaya: rangi hukauka kabla ya kutandaa.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Ukungu hubaki ndani hata usipoonekana kwa macho. Jaza nyumba moshi wa mashini ya majaribio, washa feni, hesabu dakika mpaka moshi uishe, uandike hesabu hiyo mlangoni. Ukiisha kupaka rangi, usivue kofia yako ya kupumulia hewa safi ya bomba kabla dakika hizo hazijatimia. Kitambaa puani hakifai kitu. Ukikohoa usiku au kifua kikikubana baada ya kazi, njoo kwa daktari upesi, umwambie unafanya kazi gani.