Dramu zikikosa sauti, angalia ngozi kwanza

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Tororo kuelekea Mbale, Busiu ni mahali ambapo wengi wetu tunapita bila kushuka. Ukishuka mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, hutakosa kusikia kadodi, zile ngoma zinazowasindikiza vijana wa Kimasaba wanaojiandaa kwa imbalu, yaani tohara. Ukishuka Jumapili, utasikia ngoma za aina nyingine: seti ya dramu ya kanisani, yenye snea, besi na tomu mbili tatu, ikishindana na kishindo cha mabati.

Mara nyingi ni hiyo seti inayoshindwa. Tomu zinatoa sauti ya katoni, moja inavuma kama debe, nyingine imekufa kabisa. Waumini wanasema dramu zimezeeka. Kamati inakutana, seti inauzwa kwa bei ya kutupa kwa mfanyabiashara wa mpakani, na mchango wa kununua nyingine unaanza. Kumbe mbao za mizinga hazikuwa na kasoro. Kilichochoka ni ngozi, na hakuna aliyewahi kuzigusa tangu seti ilipofika.

Mpiga kadodi hawezi kufanya kosa hilo. Ngoma yake imewambwa ngozi ya mnyama, na ngozi ya mnyama hunywa unyevu. Huku chini ya Mlima Elgon mvua haina haya, na ngozi ikilowa hulegea, sauti ikashuka hadi ikapotea. Kwa hiyo kabla ya kuanza, ngoma huanikwa juani au hupashwa moto hadi ngozi ikaze. Akisikia imeanza kulegea katikati ya safari, anajua la kufanya. Anayepiga dramu za kizungu hana moto wa kumkumbusha, ndiyo maana anasahau.

Tusidhani kwamba kuitafutia kila ngoma noti yake ni jambo lililokuja na meli. Katika kasri la Kabaka wa Buganda kulikuwa na entenga, ngoma 12 zilizopangwa kutoka sauti nyembamba hadi nene, kila moja na noti yake, pamoja na nyingine 3 za kusindikiza. Wapigaji 6 walicheza nyimbo kamili juu ya ngoma hizo. Kasri liliposhambuliwa Mei 1966, muziki huo ulipata pigo ambalo haujapona vizuri hadi leo. Mtu aliyeweza kuzilinganisha ngoma 12 za ngozi ya ng'ombe bila ufunguo wala skrubu angetucheka sisi tunaoshindwa na tomu tatu.

Hata Wazungu wenyewe walikuwa na tatizo letu. Hadi katikati ya miaka ya 1950 dramu zao ziliwambwa ngozi ya ndama, na baadhi ya wapigaji walifunga taa ya umeme ndani ya mzinga ili joto lake likaushe ngozi. Mwaka 1957 Remo Belli, mpiga dramu wa California, alianzisha kampuni ya kutengeneza ngozi za plastiki nyembamba ya polista. Evans nao walikuwa wameingia katika kazi hiyo wakati huohuo. Plastiki haiogopi mvua. Jina tu ndilo halikubadilika: hadi leo tunaiita ngozi.

Sasa tuje kwenye uchaguzi, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Ngozi ya tabaka moja, ambayo kwa kawaida ina unene wa robo milimita hivi, hulia kwa uwazi na sauti yake hukaa hewani muda mrefu. Inamfaa anayepiga kwa mkono mwepesi, au mahali penye mapazia na watu wengi wanaomeza sauti. Ngozi ya tabaka mbili hutoa sauti nzito na fupi zaidi, na huvumilia vijana wanaopiga kama wanapasua kuni. Ziko pia zenye mafuta kidogo kati ya tabaka mbili. Hizo hulia 'dup' na kunyamaza. Halafu kuna tofauti ya sura: ngozi angavu kama kioo hutoa mlio mkali wa fimbo, na ile iliyopakwa rangi nyeupe inayokwaruza huwa na sauti ya joto kidogo, karibu na ngozi ya zamani.

Kwa kanisa la mabati na kuta tupu za matofali, mimi ningenunua tabaka mbili kwa upande wa juu wa tomu, bila kusita. Jengo lenyewe linavuma vya kutosha, halihitaji kusaidiwa. Anayepiga benga au rumba uwanjani, ambako sauti inakimbia na upepo, achukue tabaka moja.

Upande wa chini ni hadithi nyingine. Tomu ina ngozi mbili, na ya chini ndiyo inayojibu ya juu. Nimeona seti nyingi ambazo ya chini ilipasuka ikaachwa wazi, eti haipigwi. Ndiyo sababu tomu hiyo inalia kama sanduku. Huko chini weka tabaka moja, angavu, nyembamba. Huna haja ya ngozi ya bei kubwa.

Wafanyabiashara, hapa nisikilizeni vizuri. Ngozi hupimwa kwa inchi, na kipimo ni kipenyo cha mzinga wenyewe, si cha pete ya nje. Ukipima pete kutoka ukingo hadi ukingo utapata karibu inchi moja zaidi, na utarudi nyumbani na ngozi zisizoingia popote. Seti nyingi za zamani zina tomu za inchi 12, 13 na 16. Nyingi za siku hizi zina 10, 12 na 14. Pima kabla ya kuvuka mpaka.

Mtego wa pili uliwahi kuninasa mwenyewe. Nilinunua ngozi ya inchi 14 kwa bei nzuri katika duka moja ambalo sitalitaja, nikaiwamba juu ya tomu ya chini. Pigo la kwanza, ikapasuka. Kumbe ilikuwa ngozi ya upande wa chini wa snea, ambayo haizidi sehemu ndogo ya milimita kwa unene na haikutengenezwa kupigwa na fimbo. Kipimo kilikuwa sahihi, kazi yake haikuwa hiyo. Ukiishika dhidi ya mwanga ikaonekana kama karatasi ya nailoni, irudishe kaunta.

Kwa ndugu zetu wanaorudi kutoka Uingereza na seti za zamani, tahadhari moja zaidi. Dramu za Premier zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na vipimo vya Kiingereza vinavyopishana kidogo na vya kimataifa. Ngozi ya kawaida ya dukani haiziingii. Mtu anaweza kulipia mizigo kutoka London hadi Mombasa, kisha akakosa ngozi Kampala na Nairobi kote.

Kuwamba kwenyewe hakuhitaji fundi. Toa ngozi kuukuu na ufute ukingo wa mzinga. Vumbi na vipande vya fimbo hukaa hapo na kuharibu sauti. Weka ngozi mpya, kisha pete, na uzungushe skrubu zote kwa vidole hadi zigome. Sasa chukua ufunguo. Usifuate duara. Kaza skrubu moja nusu mzunguko, kisha ile inayotazamana nayo, kisha ruka upande mwingine, kama fundi anavyofunga nati za gurudumu. Ukizunguka duara ngozi itavutwa upande mmoja na hutaipata tena. Ikishaanza kukaza, bonyeza katikati kwa kiganja. Ukisikia inaalika usishtuke, inakaa mahali pake.

Halafu unakuja usikivu. Gonga taratibu karibu na kila skrubu, kiasi cha vidole viwili kutoka ukingoni. Penye sauti ya chini, kaza kidogo. Penye sauti ya juu, legeza, kisha malizia kwa kukaza. Kazi hii haina mkato, na mwenye haraka huishia kukaza zote hadi mwisho akidhani ndiyo suluhisho. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na plastiki nayo hupasuka.

Fanya vivyo hivyo upande wa chini. Ukizilinganisha ngozi mbili ziwe na sauti moja, tomu italia kwa muda mrefu. Ukiikaza ya chini kupita ya juu, mlio utakuwa mfupi wenye kuinama mwishoni. Mimi huanza hivyo kwa ukumbi wa mabati. Kisha panga tomu zenyewe kwa zenyewe, ndogo juu, kubwa chini, zikiachana vya kutosha ili sikio lisizichanganye. Ukiweza kuimba ngazi tatu za wimbo unaoujua, umeshapata noti zako. Ikibaki kuvuma, kipande kidogo cha utepe karibu na ukingo kinatosha. Blanketi ni la kitandani.

Ngozi ikishajaa mashimo madogo ya fimbo, au ikaonyesha bonde katikati ukiitazama kwa ubavu, haiwezi tena kulinganishwa. Ibadilishe.

Kabla sijasahau mambo ya forodha. Ngozi mpya zilizo katika maboksi, hasa zikiwa dazeni, zitahesabiwa kuwa bidhaa hata kama umerudi nyumbani moja kwa moja na fanicha zako, kwa hiyo zitangaze na utunze risiti. Kubwa zaidi ni engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda ambayo kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Kenge wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuvusha ngozi yake mpakani bila kibali ni kesi. Siku hizi mafundi huwamba pia kwa ngozi ya mbuzi. Ukimnunulia mteja wa Bungoma au Kisumu, omba hiyo ya mbuzi, na umwambie fundi akuwekee ile iliyokauka vizuri, maana ya mbuzi ni nyembamba na ikiwambwa mbichi nusu nusu italegea kabla hujafika Malaba.