Miguu Iliyofungwa Bila Kamba

Keti juu ya meza, acha miguu yako ining'inie, kisha mwambie mwenzako akupige polepole kwa ukingo wa mkono chini ya pia ya goti. Mguu utaruka wenyewe. Hukuuamuru. Hata ukitaka kuuzuia, utakuta umekwisha kuruka. Watoto hucheka sana wakionyeshwa jambo hili, na wazee pia. Mimi siku hizi sicheki, maana kwa jambo hili dogo nilifunguliwa macho nione ugonjwa ambao nilikuwa nimeupita pasipo kuujua.

Mama mmoja alikuja kwetu karibu na Mudaka, kwenye njia itokayo Bukavu kwenda Kavumu. Ilikuwa siku ya soko, na baraza ilijaa watu. Mgongoni alimbeba kijana wa miaka minane. Mtoto wa miaka minane habebwi mgongoni, kwa hiyo watu wote waliacha mazungumzo wakatazama. Mama akasema, "Muganga, jioni alicheza na wenzake. Asubuhi aliamka, akasimama, akaanguka." Alikuwa amekwisha kwenda kwingine kabla ya kuja kwetu. Mfumu mmoja alichukua mbuzi wake na kumwambia kwamba jirani ndiye aliyeifunga miguu ya mtoto. Mzee mwingine, mwenye kuvuta mifupa, aliivuta hata kijana akalia usiku kucha. Nami nilipapasa mifupa: ilinyoka vizuri, haikuvimba, na mtoto hakuwa na homa. Nikafikiri ameanguka mtini naye anaficha. Nikampa vidonge vya maumivu, nikawaambia waende nyumbani kwa amani.

Walirudi baada ya majuma mawili, hali ni ileile. Safari hii daktari alikuwapo. Alimketisha kijana mezani akagonga goti. Mguu uliruka kwa nguvu, kama mguu wa mbuzi anayepiga teke. Akakamata unyayo, akausukuma juu kwa haraka, nao ukaanza kutetemeka pasipo kukoma. Kisha daktari akamwuliza mama jambo ambalo mimi sikuliuliza: "Nyumbani mnakula nini?"

Ili uelewe kwa nini aliuliza hivyo, lazima ujue jinsi mtu anavyotembea. Mifupa yetu, ambayo kwa mtu mzima ni 206, ni kama nguzo za nyumba: inatusimamisha. Lakini nguzo haiendi popote. Juu ya mifupa imefungwa misuli, zaidi ya 600, nayo ni kama kamba. Kamba hujua kuvuta tu, haijui kusukuma. Kwa hiyo misuli hufanya kazi wawili wawili: mmoja ukivuta kukunja goti, mwenzake hulegea, huyu akivuta kulinyosha, yule hulegea. Wakivuta wote wawili pamoja, goti huwa kama gogo.

Na ni nani anayewaambia nani avute na nani alegee? Ni ubongo. Amri huanzia sehemu ya juu ya ubongo, hushuka katika uti wa mgongo, hutoka kwa mishipa ya fahamu hata kuufikia msuli. Nyuma ya kichwa kuna ubongo mdogo, ambao kazi yake ni kupatanisha mwendo ili usiyumbe. Yule mnayemwona jioni akirudi kutoka kwenye kasiksi, akitafuta njia kwa miguu yote miwili asiipate, mifupa yake ni mizima na misuli yake ni mizima. Ni huo ubongo mdogo uliolevywa.

Lakini goti lililoruka halikungoja ubongo. Habari ya kupigwa ilikwenda mpaka uti wa mgongo, na jibu likarudi papo hapo. Ubongo kwa kawaida hukaa juu yake kama mzee wa nyumba, akisema, "Inatosha, polepole." Njia za mzee huyo zikiharibika, uti wa mgongo hubaki peke yake, nao hujibu kupita kiasi. Misuli huvuta bila kupumzika. Magoti hukaribiana, visigino huinuka, mtu hutembea kwa ncha za vidole akipishanisha miguu kama mkasi. Hapa usichanganye na polio. Polio huziua chembe za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli yenyewe, na mguu hulegea na kukonda, na goti likigongwa halijibu. Miguu ya kijana wetu haikulegea. Ilikakamaa, yote miwili sawasawa.

Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Kwango magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mwaka 1981, huko Msumbiji, ukame ulileta njaa, na watu zaidi ya 1,000 wakapatwa. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, Tanzania, tena wakati wa ukame. Na mwaka 2011 waganga wa kwetu waliandika kwamba umefika Kivu ya Kusini, baada ya vita. Tazama vizuri: ukame, njaa, vita. Kama ingekuwa ni jirani anayefunga miguu, kwa nini afunge mwaka wa njaa tu, na kwa nini afunge katika nyumba zinazokula mihogo michungu?

Maana chanzo ni mihogo. Sisemi mihogo ni mibaya. Nimekula bugali wa mihogo tangu utoto, na leo mchana nitakula tena. Lakini ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna sumu iliyofungiwa. Imekaa mbali na kitu kinachoifungua, kama watu wawili katika vyumba viwili. Ukiumenya muhogo na kuulowesha majini, kuta zinabomoka, wawili hao wanakutana, nayo sumu inaachiliwa na kwenda zake katika maji na hewa. Kazi hiyo yataka siku tatu au zaidi majini, kisha jua zuri. Ukilowesha usiku mmoja, sumu nyingi inabaki ukaila.

Mwili nao una dawa yake. Huigeuza sumu hiyo na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo hutumia kiberiti ambacho hutoka katika vyakula vya kujenga mwili: maharagi, mayai, samaki, nyama. Asiyekula hivyo hana cha kutumia. Kwa hiyo konzo hupatikana mahali ambapo mambo mawili yamekutana, muhogo usioiva majini na bugali usio na mboga ya maana, siku baada ya siku, kwa majuma. Huwapata zaidi watoto waliopita miaka mitatu na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Mtoto anayenyonya hupona mara nyingi. Haiambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, isipokuwa sahani yenyewe ndiyo yenye sumu.

Sumu hiyohiyo, ikigeuzwa na mwili, huzuia shingo isipate madini ya joto vizuri. Katika miaka ya 1960 wataalamu walilichunguza jambo hili kisiwani Idjwi, katika ziwa letu, ambako watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo.

Basi mama akaeleza. Walikuwa wamekimbia kwao. Waliporudi, shamba lilikuwa na mihogo tu, nayo walikuwa wakiiba watu wengine usiku. Akaing'oa mapema. Akailowesha siku moja, maana ukiiacha siku tatu mtoni huikuti. Maharagi kidogo aliyovuna aliyauza apate karo ya shule ya huyu kijana. Aliposema hayo alinyamaza, akaanza kulia. Wala hakuna aliyemlaumu. Mimi nisingetenda vinginevyo kama ningekuwa mahali pake.

Kijana aliuliza mwenyewe, "Nitakimbia tena?" Daktari ni mtu wa kweli, akamwambia hapana. Njia za amri zilizoungua katika konzo hazioti tena. Ugonjwa wenyewe hauendelei kuongezeka, ila mtu akirudia chakula kilekile aweza kupigwa mara ya pili na kuzidi. Tulimfundisha mama kuinyosha misuli ya mtoto kila asubuhi na jioni, polepole, bila kumvuta, ili kano zisifupike. Fundi alimchongea fimbo mbili.

Lakini nyumbani walikuwako watoto wengine watatu, wote wa chungu kimoja. Hao ndio waliotunyima usingizi. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya kuwapima watoto wa Kahemba, huko Kwango, katika mambo ya akili na kazi za mikono. Hata watoto wenye miguu mizima, lakini wanaokaa katika nyumba zenye konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji kisicho na konzo. Kwa hiyo usingoje mguu ukakamae.

Kama huwezi kungoja siku tatu mtoni, au kama umenunua unga sokoni na hujui ulitengenezwaje (kwa macho hutajua, usijisumbue kuunusa), iko njia nyingine. Tia unga katika beseni, ulinganishe juu, na ndani ya beseni chora mstari unapofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye mstari, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, wembamba usiozidi unene wa kidole, uuache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu itatoka hewani. Kisha upike bugali siku ileile, maana unga mbichi hautunziki. Akina mama wa Kay Kalenge, katika Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka 2010, na katika muda waliofuatwa hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo kijijini mwao. Haidai fedha, ila beseni, mkeka na saa mbili.

Na mboga? Sambaza wa ziwani wakiwa wakavu huuzwa kwa kipimo kidogo. Kikombe kimoja ndani ya sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana ni chakula chema kwa watoto wanne. Mama alisema sambaza ni ghali. Ni kweli. Tulihesabu pamoja, tukaona akibakiza sehemu ya tatu ya maharagi yake asiiuze, na kununua sambaza mara mbili kwa juma, aweza kufika hata mavuno.

Miezi mitano baadaye walikuja wote. Kijana alipanda ngazi za baraza mwenyewe kwa fimbo zake, pole sana, akakataa kushikwa mkono. Anasoma darasa la tatu. Nyuma yake alikuja dada yake mdogo, wa miaka minne. Nilimpandisha mezani, nikamgonga chini ya pia ya goti. Mguu uliruka kidogo tu, ukatulia. Yeye akacheka, akasema, "Tena!"