Ukuta Uliolowa Kesses

Mzazi wa Pwani anayempeleka mtoto Kesses hufunga blanketi kabla ya kanga. Nyanda zile za Uasin Gishu ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984 watoto wetu wanaosoma huko hutuambia kwamba kila kitu kina unyevu: nguo, vitabu, hata godoro. Ndiyo maana mabinti waliposema kuwa ukuta wa sehemu yao ya kusalia umelowa, waliambiwa ni baridi.

Haikuwa baridi. Nyumba wanayosalia ni ya kupanga, nje ya chuo. Nyuma ya ukuta ule ni vyoo vya wanaume, na pale hasa palipolowa, upande wa pili, pametundikwa bakuli la haja ndogo. Muhula mzima mabinti walikunja jamvi la safu ya nyuma wakabanana mbele, na baadhi yao wakizirudia sala zao vyumbani kwa kuingiwa na shaka. Sisi akina mama tuliokwenda kuwazuru tulisikia harufu kabla hatujavua viatu. Tunasema bila kuficha: lau unyevu ule ungetokea upande wa wanaume, fundi angeitwa siku hiyo hiyo.

Palikuwa na ubishi. Mmoja alisema ni mkojo, mwingine akasema ni maji safi ya mfereji yanayovuja ndani ya ukuta. Kifiqhi tofauti hiyo ni kubwa. Katika madhehebu ya Shafi tuliyolelewa nayo, asili ya kitu ni tohara na yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo ukuta hauwi najisi kwa kudhaniwa. Ikithibiti kuwa ni mkojo, jamvi lililolowa halisaliwi mpaka lioshwe. Nani asiyeijua Hadithi ya Ibn Abbas, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu wawili makaburini, mmoja wao akiadhibiwa kwa kutojikinga na mkojo?

Kilichomaliza ubishi ni rangi ya biriani. Mwenzetu mmoja alikuwa amemletea bintiye viungo, na kikopo cha rangi kilikuwamo. Fundi alifunga koki ya maji, ukuta ukapanguswa ukakauka, kisha akamimina polepole ndoo ya maji yenye rangi ndani ya bakuli. Nusu saa haikutimia, doa la rangi ya machungwa likajitokeza upande wa mabinti, shibiri moja juu ya sakafu. Hapakuwa na la kubishania tena.

Fundi aliyetangulia alikuwa amepaka saruji kuzunguka maungio. Saruji haishikani vyema na bomba la plastiki, na isitoshe ugonjwa ulikuwa ndani. Bakuli lilipofunguliwa tulikuta mpira wa kuzuia uvujaji umekakamaa na kupasuka, na bomba limeziba kwa utandu mgumu wa manjano kiasi cha kubaki tundu la kidole. Mkojo ukituama, vijidudu hugeuza yurea iliyomo kuwa amonia, na hapo chumvi za kalsiamu na magnesiamu huganda kama chokaa. Maji yakikosa njia hurudi nyuma, yakatokea penye udhaifu. Kubadilisha mpira peke yake kungetufikisha mwezi tu.

Basi bomba lilikwanguliwa, likajazwa siki likalala nayo usiku kucha, likasafishwa kwa maji mengi. Mpira mpya ukatiwa, nati zikakazwa kwa mkono na kumaliziwa kwa spana kidogo mno, kwani kauri ikibanwa kupita kiasi hupasuka. Rangi iliyobaki ikamiminwa tena, na ukuta haukutoa kitu. (Tahadhari kwa wenye kusafisha vyoo nyumbani: Jik haichanganywi na siki wala asidi yoyote, wala haimwagwi juu ya mkojo uliotuama. Hutoa hewa ya sumu.)

Ikabaki tohara. Lipu iliyooza ilibanduliwa, sakafu ikapanguswa kwanza, kisha ikamiminiwa maji safi mpaka rangi na harufu zikaondoka. Majamvi nayo yalimiminiwa maji juu yake. Hayakutumbukizwa katika beseni, kwa kuwa maji yasiyofika kulatayni hunajisika kwa kuguswa tu na najisi. Aliyesalia safu za mbele palipokuwa pakavu hana la kulipa. Mwenye yakini kwamba alisalia juu ya jamvi lililolowa amuulize sheikh wake.

Sasa kila usiku ndoo moja ya maji humwagwa katika bakuli lile, kwa zamu ya wavulana. Ukuta ulichukua wiki tatu kukauka, maana jua la Kesses si la Pwani. Wiki ya nne binti mmoja alituandikia kwamba safu ya nyuma imerudi mahali pake.