Masoko ya Vietnam: Kioo cha utamaduni kinachohitaji wanunuzi, si watazamaji tu

WAVIETNAM wana msemo wa kale kuhusu mahali panapofaa kujenga nyumba. Mahali pa kwanza kwa ubora, husema, ni karibu na soko; pa pili ni karibu na mto; na pa tatu ni kando ya barabara.

Msemo huo unadhihirisha nafasi ya soko katika maisha ya taifa hilo la Kusini Mashariki mwa Asia. Huko, soko si mahali pa kuuzia na kununulia bidhaa tu. Ni mahali pa kupashana habari, kukutana na jamaa, kutafuta wachumba, kula chakula cha asubuhi na hata kuondoa nuksi ya mwaka uliopita.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayetaka kuwafahamu Wavietnam si lazima aanzie katika jumba la makumbusho. Akidamka alfajiri na kuingia sokoni, atajifunza mengi kwa muda mfupi, mradi ajue anachokitazama.

Masoko hayo ni ya aina nyingi. Yapo masoko makuu ya mijini yaliyojengwa chini ya paa moja, magulio ya mashambani na milimani, masoko yanayoelea juu ya mito, na yale madogo yanayozuka vichochoroni. Kila aina ina historia na desturi zake.

Masoko makuu

Katika jiji la Ho Chi Minh, lililojulikana zamani kama Saigon, soko mashuhuri zaidi ni Ben Thanh. Jina lenyewe linasimulia asili yake: 'ben' ni gati na 'thanh' ni ngome, kwa kuwa soko la awali lilikuwa kando ya mto, karibu na ngome ya mji. Jengo la sasa, lenye mnara wa saa juu ya lango kuu, lilijengwa na Wafaransa kati ya 1912 na 1914. Tangu Desemba 2024, reli ya kwanza ya metro ya jiji hilo inaanzia mbele ya soko hilo.

Kule kaskazini, katika mji mkuu wa Hanoi, kuna soko la Dong Xuan lililojengwa 1889. Historia yake imejaa misukosuko. Mnamo Februari 1947, wapiganaji wa Vietnam walikabiliana na majeshi ya Ufaransa ndani ya soko hilo, na Julai 1994 likateketezwa na moto mkubwa, kisha likajengwa upya.

Dong Xuan limezungukwa na mitaa ambayo kwa hakika ni soko moja kubwa lisilo na paa. Majina ya mitaa mingi huanza kwa neno 'Hang', yaani bidhaa. Hang Bac ni mtaa wa fedha, Hang Thiec ni wa bati, na Hang Ma ni wa vitu vya karatasi ambavyo watu huviteketeza ili viwafikie wazee wao waliofariki. Hadi leo, anayepita Hang Thiec husikia nyundo za mafundi wa bati, na Hang Ma bado inauza karatasi hizo.

Nje ya masoko hayo makuu kuna yale ambayo wenyeji huyaita 'masoko ya chura'. Yamepewa jina hilo kwa sababu huzuka na kurukaruka kutoka mahali hadi mahali, hasa askari wa jiji wanapotokea. Mchuuzi huja na vikapu viwili vilivyoning'inizwa kwenye mti wa mzegazega begani, akavitua kando ya njia, akachuchumaa na kuanza kuuza. Baada ya saa chache hapaonekani dalili kwamba palikuwa na soko.

Adabu za kununua

Wauzaji wengi ni wanawake, na mazungumzo yao na wateja ni somo tosha la utamaduni. Kivietnam hakina neno la kawaida lenye maana ya 'wewe' linaloweza kuelekezwa kwa kila mtu bila kujali umri. Watu huitana kwa majina ya udugu. Muuzaji aliyekuzidi umri kidogo ni 'chi', yaani dada mkubwa. Aliyelingana na mdogo wa baba yako ni 'co', yaani shangazi. Na ajuza ni 'ba', yaani nyanya. Kabla ya kutaja bei, basi, mnunuzi na muuzaji huwa wamekwisha kuwa jamaa.

Bei yenyewe hupatikana kwa mapatano. Waswahili husema biashara haigombi, na Wavietnam nao huamini kwamba mauzo mema ni yale yanayowaridhisha wote wawili. Mteja hutaja bei yake kwa tabasamu, muuzaji hulalamika kidogo, na aghalabu hukutana katikati. Mteja wa kila siku huwa hahitaji maneno mengi. Hupewa bei ya haki, na pengine huongezewa kitunguu au fungu la dania bila malipo.

Hata hivyo, kuna saa ambayo mgeni hapaswi kuchezea bei. Wachuuzi wengi huamini kwamba mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akinunua upesi bila ubishi, biashara itakuwa njema mchana kutwa. Akishika kila kitu, akabishana kisha akaenda zake mikono mitupu, huhesabiwa kuwa ameleta mkosi, na muuzaji anaweza kuwasha kipande cha karatasi na kukizungusha juu ya bidhaa zake ili kuufukuza. Anayetaka kuuliza bei tu, basi, na asubiri jua lipande.

Chakula nacho kina lugha yake. Kwenye meza za mboga hupangwa mafungu ya nanaa, rehani, dania na mchaichai, kwani katika nchi hiyo majani mabichi huliwa karibu kila mlo. Hapo jirani huwa na mitungi na chupa za mchuzi wa samaki, unaotengenezwa kwa kuchachusha dagaa na chumvi kwa muda unaoweza kufika mwaka mmoja. Kisiwa cha Phu Quoc na mji wa Phan Thiet ndizo sehemu zinazosifika zaidi kwa mchuzi huo.

Kadhalika, hakuna soko lisilo na mahali pa kula. Wateja huketi kwenye vigoda vifupi na kunywa supu ya tambi za mchele, bega kwa bega na wachuuzi na wapagazi. Wavietnam wana msemo kuhusu mtu anayesubiri jambo kwa hamu kubwa: husema anangoja kama mtoto anavyomngoja mama arudi sokoni. Asili yake ni desturi ya mama kurejea na kitu kitamu kwa ajili ya watoto.

Magulio ya milimani

Mashambani, masoko mengi hayafunguliwi kila siku. Hufuata kalenda ya mwezi mwandamo, na vijiji jirani hugawana siku. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na gulio katika tarehe zinazoishia kwa 2 na 7, na kingine katika zile zinazoishia kwa 3 na 8, ili mchuuzi aweze kuzunguka kotekote. Utaratibu wa namna hii si mgeni kwa msomaji wa Kenya, ambako miji mingi midogo ingali na siku zake za soko.

Katika milima ya kaskazini, karibu na mpaka wa Uchina, magulio huwakusanya watu wa makabila mbalimbali kati ya 54 yanayotambuliwa rasmi nchini humo. Gulio la Bac Ha, mkoani Lao Cai, hufanyika kila Jumapili. Wahmong, Wadao, Watay na Wanung hushuka kutoka vijijini mwao wakiwa na nyati wa kufugwa, farasi, asali, pombe kali ya mahindi na nguo zilizotariziwa. Wanaume huzunguka sufuria kubwa za mchuzi wa nyama ya farasi na kuzungumza hadi alasiri. Wapo wanaotembea kwa saa kadhaa kufika huko ingawa hawana cha kuuza, kwa kuwa hapo ndipo watakapomwona ndugu au rafiki waliyeachana naye tangu wiki iliyopita.

La ajabu zaidi ni gulio la Khau Vai, katika eneo lililokuwa mkoa wa Ha Giang kabla ya mkoa huo kuunganishwa na Tuyen Quang mnamo Julai 2025. Hufanyika mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi mwandamo. Hekaya inasimulia kuhusu kijana wa Kinung na msichana wa Kigiay waliopendana hadi makabila yao yakakaribia kumwaga damu. Ili kuepusha vita, waliamua kuachana, lakini wakaahidiana kukutana mahali hapo mara moja kila mwaka. Kutokana na hekaya hiyo, wapenzi wa zamani waliooa na kuolewa kwingine huruhusiwa kukutana siku hiyo na kujuliana hali, na wenzi wao hawaoni wivu.

Soko la Vieng, katika eneo lililokuwa mkoa wa Nam Dinh, nalo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 8 ya mwezi wa kwanza. Watu hununua miche, zana za kilimo, vitu vya kale na nyama ya ndama. Lengo hasa ni kununua bahati na kuuza mikosi, na kwa hiyo wengi hawabishanii bei.

Soko linapopoteza mto

Katika delta ya mto Mekong, kusini mwa nchi, mito na mifereji ndiyo iliyokuwa barabara. Wakulima walikutania mahali mikondo inapokutana, wakauziana mazao kutoka mashua hadi mashua. Ndivyo yalivyozaliwa masoko yanayoelea, na linalojulikana zaidi ni Cai Rang, takriban kilomita 6 kutoka katikati ya jiji la Can Tho.

Kwa kuwa mtoni si rahisi kupaza sauti juu ya mngurumo wa injini, kila mchuuzi husimamisha upondo mrefu na kutundika juu yake sampuli ya anachouza. Nanasi likining'inia, mashua hiyo ina mananasi. Boga likionekana, ina maboga. Nguo zinazoanikwa haziuzwi, na supu ya tambi inauzwa ingawa haiwezi kutundikwa. Jani la mnazi nalo lina maana yake ya pekee: linapotundikwa juu, kinachouzwa ni mashua yenyewe.

Utamaduni wa soko la Cai Rang uliorodheshwa kuwa urithi wa taifa mnamo 2016. Lakini kufikia wakati huo soko lilikuwa tayari linapungua. Barabara na madaraja yalikuwa yamejengwa, likiwemo daraja kuu la Can Tho lililofunguliwa Aprili 2010, na lori sasa hufika hadi kwenye bustani ya mkulima. Soko jingine, Phung Hiep, lilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kupunguza msongamano wa mashua, nalo likadhoofika. Huko Cai Rang, siku nyingine mashua za watalii huonekana nyingi kuliko za wachuuzi.

Kwa hiyo barabara, ambayo msemo wa wazee uliiweka nafasi ya tatu, imeushinda mto uliokuwa wa pili. Swali ni iwapo soko litaendelea kushika nafasi ya kwanza.

Mjini, dalili zimechanganyika. Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanzishwa Desemba 1986 yalikomesha enzi ya kadi za mgao na kuwapa wachuuzi uhuru wa kufanya biashara, na masoko yakafurika tena. Lakini ustawi uliofuata ulileta pia maduka makubwa na ununuzi kwa njia ya simu. Huko Hanoi, masoko kadhaa, yakiwemo Hang Da na Cua Nam, yalibomolewa na mahali pake pakajengwa majumba ya ghorofa, huku wachuuzi wakipelekwa katika vyumba vya chini ya ardhi. Wateja waliozoea kusimamisha pikipiki mbele ya kibanda na kununua samaki bila kushuka hawakuwafuata huko.

Tangu Juni 2025, wafanyabiashara wadogo wa rejareja wanaopata zaidi ya dong bilioni 1 kwa mwaka wametakiwa kutoa stakabadhi za kielektroniki, na baadhi yao, hasa wazee wasiozoea mitambo, walifunga vibanda kwa muda.

Yaliyotokea Cai Rang na Hang Da yanafundisha jambo moja. Mila za soko hazidumishwi na jengo jipya wala cheti cha urithi, bali na haja ya watu kuuziana vitu wanavyovitumia. Upondo wenye nanasi ulikuwa na maana kwa sababu palikuwa na mtu aliyehitaji shehena ya mananasi. Akiondoka mtu huyo, upondo hubaki kuwa pambo.

Mgeni anayezuru masoko hayo anaweza kusaidia kidogo kwa namna anavyoingia. Na aende mapema, abebe noti ndogondogo, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, ajifunze kusema 'chi' na 'co', na aketi ale wanachokula wenyeji. Muhimu zaidi, anunue kitu, japo fungu la nanaa au embe moja, kwa kuwa mchuuzi wa Vietnam, sawa na mwenzake popote pale, hakudamka alfajiri ili atazamwe.