Mzazi, umeisoma fomu ya hosteli aliyotia sahihi mwanao?

"Mjomba, nimetolewa chumbani."

Simu hiyo niliipokea usiku, wiki mbili kabla ya mitihani ya mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Walinzi walipita vyumbani wakakuta misokoto ya bangi chini ya godoro la mwenzake. Mpwa wangu hata sigara havuti. Lakini chumba kilikuwa cha watu wawili, na wote wawili waliambiwa wafungashe virago.

Nilimuuliza kanuni zinasemaje, akasema hajui. Fomu aliijaza siku ya kuripoti, foleni ikiwa ndefu, nami nimesimama kando na godoro na ndoo nikimhimiza afanye haraka. Kwa hivyo lawama ya kutosoma ni yetu sote wawili.

Kila mwaka wazazi wa Pwani tunauza mbuzi, tunachanga ukoo mzima, ili mtoto apate karo na chumba. Ni vyema basi tujue ni mambo gani yanayoweza kumtoa katika chumba hicho.

La kwanza kuelewa ni kwamba mkaazi wa hosteli yuko chini ya mamlaka mawili. Kuna sheria ya nchi, na kuna kanuni za chuo, ambazo mara nyingi ni kali zaidi. Kitu kinaweza kuwa halali barabarani na kikawa kosa chumbani.

Chukua pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wengi wa chuo kikuu wameshapita umri huo, na hapo ndipo wanapojidanganya. Kanuni za hosteli zikikataza pombe, umri si utetezi, kwa sababu mwanafunzi amekubali masharti kwa sahihi yake. Na mnazi ni pombe pia, hata kama umetoka kwa babu Kilifi ndani ya chupa ya soda. Sisi Waislamu hukumu ya kileo tunaijua, lakini fomu hii haimuulizi mtu dini yake.

Wazazi wengi huniuliza, mbona basi baa ziko mlangoni mwa vyuo? Sheria hiyo inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule na taasisi za walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakitajwi hapo. Usitegemee umbali wa baa umlinde mwanao.

Sigara nayo ina sheria yake ya mwaka 2007, inayokataza kuvuta tumbaku mahali pa umma, majengo ya elimu yakiwemo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Muguka ndio unaotatanisha zaidi. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuupiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri hizo. Kijana akisikia hivyo hudhani ameruhusiwa kutafuna popote. La. Chuo au mwenye nyumba anaweza kuukataza ndani ya hosteli yake. Uliza kuhusu shisha na vepu pia, usibahatishe.

Bangi na unga ni jambo jengine kabisa. Hapo si suala la kupoteza chumba tu, ni jinai. Kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2022, anayepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini hadi shilingi 100,000. Akionekana ni muuzaji, adhabu ni nzito zaidi.

Na hapa ndipo penye somo la mpwa wangu. Sheria hiyo hiyo inasema ni kosa kupatikana, bila sababu halali, katika nyumba au chumba ambacho watu hukiendea kwa ajili ya kuvuta dawa hizo. Pia ni kosa kwa mwenye nyumba au msimamizi kuruhusu itumike hivyo. Kusema "mimi sivuti" huenda kusikutoshe ikiwa kila jioni chumba chako ni kijiwe. Wenye hosteli za mtaani nao wasifikiri kwamba kazi yao ni kuchukua kodi tu.

Afanye nini basi kijana aliyepangiwa chumba na mvutaji? Amwambie mwenzake kwanza, kwa heshima. Asiposikia, amwandikie msimamizi wa hosteli au ofisi ya mkuu wa wanafunzi kuomba abadilishiwe chumba. Nasema aandike, hata kama ni ujumbe wa simu, na auhifadhi. Si lazima amchongee mtu. Kuomba kuhama kunatosha kuonyesha kwamba hakuridhia.

Na akishtakiwa, ana haki. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 zinataka aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, na apewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Asikubali kufukuzwa kwa maneno ya mlangoni. Aombe barua, aende kwenye kikao cha nidhamu, na aulize kuhusu rufaa.

Kwa yule aliyekwisha kuzama, kumfukuza pekee hakumtibu. Nacada ina simu ya bure, 1192, ambayo mzazi au mwanafunzi anaweza kupiga apate ushauri. Kwa walionaswa na unga, Malindi na Kisauni kuna kliniki za methadoni. Mitaa yetu imezika vijana wengi mno, hatuna sababu ya kuona haya kuomba msaada.

Mpwa wangu alirudishiwa chumba baada ya siku tisa. Kilichomuokoa ni ujumbe aliomtumia msimamizi mwezi mmoja nyuma, akiomba kuhamishwa kwa sababu ya moshi. Alikuwa karibu aufute ili kupunguza nafasi kwenye simu. Siku hizo tisa alilala kwa shangazi yake, akipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na karatasi moja ya mtihani aliifanya bila kusoma ipasavyo.

Mwaka huu mdogo wake anaingia chuo. Fomu yake tumeisoma mezani, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kalamu kuguswa.