Kuvua ni Furaha, Jihadhari na Kichocho

Kwa nini watu hupenda kwenda kuvua samaki? Wengi watajibu: kutafuta kitoweo. Ni kweli. Samaki hujenga mwili. Lakini tazama kando ya Ziwa Victoria siku ya mapumziko. Utamwona mtu amekaa na ndoana tangu asubuhi. Hakupata kitu. Hata hivyo, kesho atarudi.

Kwanza, akili yake hupumzika. Pili, ana tumaini. Mshipi ukivutwa, moyo humdunda. Tatu, yuko na wenzake. Wanazungumza, na wazee wanawafundisha vijana.

Lakini furaha hii ina adui. Penye majani kando ya ziwa huishi konokono wadogo. Ndani yao hutoka vijidudu vya kichocho. Havionekani kwa macho. Ukisimama majini, hupenya ngozi yako. Mwilini hukua na kuwa minyoo. Mayai yake huharibu utumbo na ini.

Ufanye nini?

1. Vua ukiwa juu ya jiwe kavu au ndani ya mtumbwi. Usisimame majini.

2. Usijisaidie ziwani wala kando yake. Choo cha mgonjwa kina mayai ya kichocho. Tumia choo cha shimo.

3. Tumbo likiuma mara kwa mara, au ukiona damu chooni, nenda zahanati ukapimwe. Dawa ipo. Ukishapona, ukiingia tena majini unaweza kuugua tena.

Wafundishe na watoto wako. Nenda ukavue. Rudi na samaki, usirudi na kichocho.