Utafiti wa Ulemavu: Nani Anamuuliza Nani?

Taaluma ya ulemavu, yaani fani inayochunguza jinsi jamii inavyowapokea au kuwatenga watu wenye ulemavu badala ya kuchunguza maradhi yao, ilichochewa kwa kiasi kikubwa na ugomvi kati ya watafiti na watafitiwa. Katika miaka ya 1960 wakazi wa Le Court, makao ya watu wenye ulemavu huko Hampshire, Uingereza, waliokuwa wakidai kushirikishwa katika kuyaendesha, waliomba watafiti waje kuchunguza hali yao, nao wakaja wataalamu wa Taasisi ya Tavistock. Ripoti iliyotoka mwaka 1972 ilikiri kwamba aliyeingia katika makao kama hayo alihesabiwa na jamii kuwa amekwisha kufa, lakini haikudai yavunjwe, bali ilishauri yaendeshwe vizuri zaidi. Paul Hunt, aliyewahi kuishi hapo, aliwafananisha watafiti hao na vimelea. Neno kali, lakini si la kuonea.

Hunt alishirikiana na Vic Finkelstein, raia wa Afrika Kusini aliyefungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi kabla ya kuhamia Uingereza, kuunda umoja ambao mwaka 1976 ulitenganisha hitilafu ya mwili na ulemavu wenyewe, yaani vikwazo ambavyo jamii humwekea mwenye hitilafu hiyo. Mike Oliver, aliyeuita msimamo huo mtazamo wa kijamii, baadaye alizikosoa hojaji za serikali zilizomuuliza mtu kama hali ya afya yake inamzuia kutoka nyumbani, akisema angepaswa kuulizwa ni kitu gani mtaani kwake kinachomzuia.

Hoja hiyo ina uzito Afrika Mashariki. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilitoa kiwango cha ulemavu cha asilimia 2.2 kwa watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi, ilhali ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2 kwa wenye miaka 7 na zaidi. Ni vigumu kuamini kwamba mpaka wa Namanga unatenganisha miili kiasi hicho. Maswali ya Kundi la Washington, yanayotumika katika sensa nyingi duniani, humtaka mtu apime ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana kwa ngazi nne, na mstari ukichorwa kwenye ugumu kidogo badala ya ugumu mkubwa, idadi hupanda sana.

Anayetaka kusomea fani hii anavyo vyuo vya kuanzia. Patandi mkoani Arusha na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, huandaa walimu. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hufundishwa utengenezaji wa viungo bandia. Kyambogo nchini Uganda huunganisha elimu maalumu na masomo ya jamii, na Chuo Kikuu cha Cape Town hutoa shahada za juu katika taaluma ya ulemavu yenyewe.

Mada hazikosekani. Katika sensa, mkuu wa kaya ndiye ambaye kwa kawaida huwajibia wengine, akiwemo kiziwi aliyeketi kando yake. Utafiti utakaomuuliza kiziwi huyo mwenyewe unahitaji fungu la mkalimani wa lugha ya alama tangu bajeti inapoandikwa.